Kulazwa si kulala: Mzee akiachwa kitandani hospitalini hupoteza miguu

KATIKA Kiswahili, mgonjwa anayeingizwa wadini husemwa kuwa amelazwa. Neno hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelitafakari, ilhali linaeleza vyema yale yanayofuata. Aliyelazwa hulala. Hupewa kitanda, blanketi na gauni la hospitali, kisha jamaa zake humsihi atulie, apumzike, asijisumbue.

Kwa kijana wa miaka 25 anayeugua malaria, siku tano za kulala hivyo si neno. Atainuka akiwa amedhoofika kidogo, na baada ya muda mfupi atakuwa amesahau. Kwa mzee wa miaka 78, siku hizo tano zinaweza kuwa ndizo mpaka kati ya kujiendea chooni na kupelekwa.

Mkondo wa mambo unajulikana na wauguzi wengi. Nyanya anafikishwa hospitalini akiwa na homa ya mapafu. Juma moja tu kabla ya kuugua alikuwa akiwalisha kuku, akichuma mboga shambani na kwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Dawa zinafanya kazi. Homa inashuka siku ya tatu, na siku ya nane daktari anaandika kwamba amepata nafuu na aende nyumbani. Anapoteremshwa kitandani, magoti yanamkataa. Wanawe wawili wanambeba hadi kwenye gari.

Jamaa husema ugonjwa umemmaliza. Ni kweli kwamba ugonjwa humpunguzia mtu nguvu, lakini kitanda nacho kina sehemu yake katika lawama hiyo, na aghalabu si sehemu ndogo.

Mwaka 2003, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 2,293 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliolazwa katika hospitali mbili za jimbo la Ohio. Walibaini kwamba asilimia 35 ya wazee hao walitoka hospitalini wakiwa hawawezi tena kujifanyia angalau jambo moja la msingi waliloliweza kabla ya kuugua, yaani kuoga, kuvaa, kula, kutoka kitandani au kwenda chooni. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wametibiwa maradhi yaliyowapeleka huko. Walichopoteza hakikuwa kwenye orodha ya magonjwa yao.

Kinachotokea mwilini

Misuli ya binadamu hujengwa kwa kutumiwa. Misuli ya mapaja na ya makalio, ambayo kazi yake ni kuubeba mwili dhidi ya uzito wake, ndiyo huwahi kunyauka inapokosa kazi. Kijana ana akiba. Anaweza kupoteza kidogo na bado akabakia na nguvu za kutosha kuinuka kitini. Mzee hana akiba hiyo. Tangu makamo amekuwa akipoteza misuli polepole, na huenda anapofikisha miaka 75 nguvu alizo nazo zinatosha tu kumwinua kutoka kwenye kochi. Akipunguziwa kidogo, haiinuki.

Kipimo cha jambo hili kilitolewa mwaka 2007. Watafiti wa Marekani waliwachukua wazee wenye afya njema, wastani wa umri wao ukiwa miaka 67, wakawalaza kitandani kwa siku 10 wakiwapa chakula cha kutosha. Hawakuwa na homa, hawakuwa na kidonda. Hata hivyo, walipoinuka walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na nguvu za kunyoosha goti zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 16. Mgonjwa halisi, mwenye homa na asiye na hamu ya chakula, hawezi kutarajiwa kufanya vyema kuliko hao.

Hata vijana hawasalimiki kabisa. Mwaka 1966 mjini Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa majuma matatu ili kuchunguzwa. Watafiti waliwarejelea watu hao hao baada ya miaka 30. Ilionekana kwamba majuma yale matatu ya kulala yalikuwa yamepunguza uwezo wa miili yao kufanya kazi kuliko ilivyopunguzwa na miaka 30 ya kuzeeka.

Misuli ni mwanzo tu. Mtu anapolala kutwa, mishipa ya damu husahau kazi ya kuisukuma damu kwenda kichwani. Siku atakapoinuka ghafla, shinikizo la damu litashuka, macho yatafunga giza na ataanguka. Mapafu ya aliyelala chali hayapanuki sawasawa, hivyo makohozi hubakia chini na kuzaa homa ya mapafu, hata kwa aliyekuja kutibiwa mguu. Damu inayotuama miguuni huweza kuganda, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua kwa dakika chache. Matumbo hulegea, choo kikawa kigumu. Ngozi ya makalio na visigino, inayobanwa kati ya mfupa na godoro, hukosa damu na kuanza kuoza. Vidonda hivyo vya kulalia huweza kuchukua miezi kupona.

Kisha kuna akili. Mzee aliyelala akitazama dari, asiyejua kama ni asubuhi au jioni, bila miwani yake na bila sauti anazozifahamu, anaweza kuchanganyikiwa ghafla. Huanza kuwaita watu waliokwisha kufariki au kung'oa dripu usiku. Wengine hudhani amerogwa au amepata wazimu. Hali hiyo ni ya kitabibu, na miongoni mwa mambo yanayosaidia kuizuia ni kumwinua, kumketisha mchana na kumtembeza.

Hayo si maarifa mapya. Daktari mmoja wa Uingereza, Richard Asher, aliandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo mwaka 1947 kuhusu hatari za kulala kitandani, akieleza kiungo kwa kiungo jinsi mwili unavyoharibika. Wakati huo mapumziko marefu ya kitandani yalihesabiwa kuwa dawa ya karibu kila kitu, kuanzia mshtuko wa moyo hadi kujifungua. Madaktari wameiacha imani hiyo. Wadini bado ipo.

Kwa nini hawainuki

Mwaka 2009 kulichapishwa uchunguzi mwingine kutoka Marekani. Wanaume 45 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao wote walikuwa wakitembea kabla ya kulazwa, walifungwa vifaa vidogo miguuni vya kunakili kila wanapolala, wanapoketi na wanaposimama. Asilimia 83 ya muda uliopimwa walikuwa wamelala. Muda wa kusimama na kutembea ulikuwa takriban dakika 43 kwa siku nzima. Aghalabu hapakuwa na amri ya daktari ya kuwazuia. Walilala kwa sababu kitanda kilikuwepo na hapakuwa na aliyewaambia wafanye vinginevyo.

Katika hospitali za umma humu nchini sababu hizo zinazidi kuongezeka. Wadi hujaa, na nafasi kati ya kitanda na kitanda huwa haitoshi kuweka kiti, sembuse kutembeza mtu. Vitanda vingi vya zamani ni virefu na haviwezi kushushwa, kiasi kwamba mzee mfupi akiketi ukingoni miguu yake huning'inia bila kufika sakafuni. Kuna dripu iliyofungwa mkononi na mpira wa mkojo ulioachwa siku nyingi kuliko inavyohitajika kwa sababu ni nafuu kuliko kumpeleka mgonjwa chooni. Muuguzi wa zamu ya usiku ana wagonjwa wengi wa kuwadunga sindano na kuwapima joto. Kumwongoza mzee mmoja hatua 20 hadi msalani humchukua dakika nyingi ambazo hana. Wataalamu wa tibamaungo wanafunzwa nchini, na tangu mwaka 2014 kuna sheria inayosimamia taaluma yao, lakini wadini huonekana zaidi mchana wa siku za kazi na hawawezi kumfikia kila mmoja.

Sababu nyingine hailetwi na uhaba bali na mapenzi. Mwana anayefika saa ya kuwatazama wagonjwa akiwa na chupa ya uji huona aibu kumwona babake akihangaika kuvaa malapa. Humvalisha. Humlisha kwa kijiko ilhali mkono wa mzee ungali na nguvu. Humletea beseni na chupa ya mkojo kitandani. Binti akimwambia mamake, "Mama, tulia, tuko hapa," anatimiza wajibu aliolelewa nao, na majirani wa wadini humsifu kwa hilo. Heshima hiyo ni nzuri, ila misuli haina habari nayo.

Halafu kuna hofu ya kuanguka. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa nyonga ikivunjika katika umri huo maisha yote hubadilika. Muuguzi anaogopa kulaumiwa, na familia inaogopa gharama. Njia inayoonekana salama ni kupandisha vyuma vya pembeni mwa kitanda na kumwambia mzee asithubutu kushuka. Lakini mzee anayebanwa na haja usiku wa manane atashuka tu. Akivuka vyuma hivyo ataanguka kutoka juu zaidi ya pale ambapo angeanguka bila vyuma, na ataanguka kwa miguu iliyokwisha kudhoofishwa na siku za kulala. Kumzuia asitembee leo ni kuiahirisha ajali tu, tena kwa kuikuza.

Ushahidi kwamba hali inaweza kugeuzwa upo, na mmojawapo ulitoka Pamplona nchini Uhispania. Mwaka 2019 kulichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 370 wa miaka 75 na zaidi, wastani wa umri ukiwa miaka 87. Nusu yao walipata huduma ya kawaida ya hospitali. Wengine walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa siku, kama dakika 20 kila mara, kwa siku tano hadi saba. Walifundishwa kuinuka kitini na kuketi tena, kusukuma uzito kwa miguu, kusimama bila kuyumba na kutembea. Kundi la kwanza lilitoka likiwa limepoteza sehemu ya uwezo wa kujihudumia. Kundi la pili halikupoteza. Baadhi yao walitoka wakiwa bora kuliko walivyoingia. Kule Uingereza nako, mwaka 2018 hospitali zilifanya kampeni ya siku 70 ya kuwahimiza wagonjwa waamke, wavue nguo za kulalia, wavae nguo zao na watembee.

Mashine za Pamplona hazipatikani katika kila wadi ya kaunti. Kiti, hata hivyo, kinapatikana, na mikono ya jamaa pia.

Saa ya kuwatazama wagonjwa

Kabla ya yote, ni sharti muuguzi au daktari aulizwe: "Je, mzee anaruhusiwa kuinuka, na kwa kiasi gani?" Swali hilo laulizwa mara chache mno. Wapo wasiopaswa kuinuliwa bila kibali, kama vile aliyevunjika nyonga au uti wa mgongo na hajatengenezwa, mwenye maumivu ya kifua au anayehema kwa shida akiwa ametulia, aliyepata kiharusi siku hiyo hiyo, anayevuja damu, au ambaye shinikizo lake la damu liko chini mno. Kwa waliosalia, ambao ndio wengi, jibu huwa ndiyo, na muuguzi aghalabu hufurahi kuona kuna mtu aliye tayari kusaidia.

Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga anastahili kutajwa peke yake, maana huyo ndiye familia huogopa zaidi kumgusa. Miongozo ya matibabu nchini Uingereza inapendekeza ainuliwe siku inayofuata upasuaji, iwapo hakuna kizuizi cha kitabibu. Humu nchini tatizo mara nyingi hutangulia upasuaji wenyewe, pale familia inapolazimika kuchangisha fedha za chuma cha kuungia mfupa huku mzee akisubiri kitandani. Katika kusubiri huko bado kuna la kufanya: kukunja na kunyoosha nyayo mara kwa mara, kukaza misuli ya paja la mguu mzima, kuvuta pumzi ndefu, na kugeuzwa kwa kufuata maelekezo ya wauguzi ili ngozi isioze.

Kumwinua mzee kuna utaratibu wake, na haraka ndiyo adui. Kwanza aketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu au kibao kigumu kisichoteleza. Achezeshe nyayo juu na chini. Aulizwe kama anasikia kizunguzungu. Akisema ndiyo, au akianza kutoka jasho jembamba, arudishwe alale na muuguzi aarifiwe. Akiwa sawa, avae viatu vinavyoshika kisigino. Malapa yasiyo na kamba nyuma, hasa kwenye sakafu iliyopigwa deki muda mfupi uliopita, yameangusha wengi.

Anayemsaidia asimvute kwa mikono wala kumkwapua makwapani, kwani bega la mzee huteguka kwa urahisi. Asimame upande wake ulio dhaifu, amshike kiunoni, amwache mzee mwenyewe ajisukume kwa mikono yake kutoka kitandani. Mzee ndiye afanye kazi. Msaidizi yupo tu kwa ajili ya pale nguvu zitakapopungua. Magoti yakimlegea katikati ya safari, haifai kupigana na uzito wake. Ateremshwe taratibu hadi chini, kisha msaada uitwe.

Dripu si pingu. Stendi nyingi zina magurudumu, na muuguzi anaweza kueleza ni muda gani dripu haihitajiki ili mkono uwe huru. Kuhusu mpira wa mkojo, yafaa kuuliza kila siku kama bado unahitajika. Ukitolewa mapema, mzee hupata sababu ya kuinuka mara kadhaa kwa siku, na hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo hupungua pia.

Vitu vya kupeleka wadini si matunda peke yake. Mkongojo anaoutumia nyumbani upelekwe siku ya kwanza. Wengi huachwa nyuma ya mlango kwa kuwa mgonjwa alibebwa. Miwani, kifaa cha kusikilizia, meno ya bandia na saa ya mkononi navyo vipelekwe, pamoja na nguo za mchana. Mzee aliyevaa shati lake hutembea kwa moyo ambao hana akiwa na gauni lililo wazi mgongoni. Ni wazee wachache watakaokubali kukatiza mbele ya wageni wa watu wengine wakiwa hivyo, na hawawezi kulaumiwa.

Chakula kiliwe kitini, si kitandani. Kuketi wima mara tatu kwa siku ni zoezi tosha la kuanzia kwa aliye dhaifu sana, na hupunguza uwezekano wa kupaliwa. Uji pekee haujengi misuli. Mayai, maziwa, maharagwe, ndengu, samaki au nyama laini ndivyo vinavyohitajika, isipokuwa daktari awe amekataza kwa sababu ya figo au ugonjwa mwingine. Baada ya kula, kuinuka kitini na kuketi tena mara tano, polepole, kwa kujishikilia ikibidi, ni zoezi lisilohitaji chombo chochote.

Hatua za kwenda chooni

Lililo muhimu zaidi ni kujua mzee anarudi wapi. Wadini sakafu ni tambarare na msalani aghalabu kuna choo cha kukalia. Nyumbani kwa wengi, hasa mashambani, choo ni cha shimo, kimejengwa mbali na nyumba, na njia yake huteremka na kuteleza mvua ikinyesha. Choo hicho humtaka mtu achuchumae, kisha ainuke bila kitu cha kushika. Mgonjwa anayeweza kutembea hatua 10 wadini akiwa ameshikwa mkono ataandikiwa kwamba anatembea, na kumbe hawezi kufika chooni kwake.

Kwa hiyo ni vyema mmoja wa familia ahesabu hatua kutoka mlango wa chumba cha mzee hadi chooni, na idadi hiyo ajulishwe mtaalamu wa tibamaungo au muuguzi. Zikiwa hatua 40, basi 40 ndilo lengo, kwenda na kurudi. Siku ya kwanza huenda akamudu nne kutoka kitandani hadi kitini. Siku ya pili afike dirishani, siku ya tatu mlangoni. Daftari dogo kando ya kitanda linaweza kuandikwa na kila anayekuja, ili mjomba anayefika jioni ajue binamu wa mchana aliishia wapi na asianze kumlaza upya.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, umri ambao Katiba ya mwaka 2010 inauhesabu kuwa wa uzee. Katiba hiyo, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Wadini haki hiyo huanzia mahali pa kawaida sana: mtu mzima kuruhusiwa kwenda haja kwa faragha, kwa miguu yake, badala ya kuwekewa beseni mbele ya wagonjwa 10 na wageni wao.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, maswali matatu hayafai kusahaulika. Je, kati ya dawa alizoandikiwa, ipo inayoleta kizunguzungu au usingizi, na inywewe saa ngapi? Je, atahitaji mkongojo mpya au fremu ya kutembelea, na ni nani atakayempima urefu wake? Na mazoezi aliyoyaanza yaendelee kwa kiasi gani? Huku nyumbani, fundi anaweza kutundika kamba imara au fito kando ya njia ya chooni, kupigilia mhimili ukutani wa kushika, na kutoboa kiti cha mbao kiwekwe juu ya shimo. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na ifanywe kabla mzee hajafika.

Kama atasafiri kwa matatu, ngazi ya gari huwa juu kuliko ngazi nyingi za hospitali. Wanaojua hilo humfanyisha mzee mazoezi ya kupanda kidato kimoja cha ngazi siku mbili kabla ya safari, mguu wenye nguvu ukitangulia kupanda na ule dhaifu ukitangulia kushuka.